Mchumba Aliyekataliwa na Kunguru

Jumamosi ile soko la Malindi lilifurika hadi barabarani. Kache Kitsao, leso yake ya rangi ya embe bivu ameifunga kifuani, alikuwa akiopoa mahamri kwenye karai pale kijana mrefu, kamba begani na panga kiunoni, alipojikwaa kwenye furushi la Dorcas muuza mitumba, akaja kuangukia sufuria ya mbaazi.

"Pole, mpishi!"

"Pole nitaiuza kwa nani? Mbaazi zangu umezivaa wewe."

Kijana akajitazama shati, akachovya kidole, akaonja. "Hili tui la kwanza. Nani kakukunia nazi?"

"Mkono wangu huu."

"Basi huo mkono nitaurudia."

Akaurudia kweli. Jina lake Mwaro, mkwezi, kazi yake kuangua nazi na kupunguza makuti kwenye maploti ya mjini. Jumatatu alileta nazi mbili, Jumanne madafu, na wiki haikuisha simu ya Kache ikawa haina mapumziko.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nangoja sauti yako ishuke tumboni kwanza."

"Mwone! Huko juu ya minazi ndiko mnakofundishwa uongo?"

Dorcas, ambaye masikio yake hayakuwahi kufunga duka, aliyasikia yote na kuyasambaza bila malipo.

Lakini Kache alikuwa na mtu wake wa siri kabla ya Mwaro, na mtu huyo alikuwa na mabawa. Wiki aliyomzika mamake, kunguru mmoja alitua ukingoni mwa meza yake, chini ya mti wa mkungu, akamkazia jicho. Kache akajikuta anamweleza kila kitu, machozi yakimchuruzika, na yule ndege hakuondoka mpaka yalipokauka. Tangu siku hiyo andazi la kwanza la alfajiri lilikuwa lake. Kache alimwita Somo. Asubuhi alimnong'oneza ya moyoni kabla ya kuwasha moto, na kifua chake kikatulia kama mtu aliyetoka kusali. Mara moja tu Somo alimpigia mtu kelele: mchumba mmoja wa Junju, ambaye baadaye ilijulikana ana mke na watoto wanne. Soko zima lilikumbuka.

Kwa hiyo Mwaro alipoomba kupeleka wazee wa posa kijijini Adu kwa babake Kache, na Kache akasema, "Nipe mpaka Jumapili," furaha ilikuwa imeshamjaa. Alhamisi, Mwaro akifika tu mezani, Somo alishuka kama jiwe akamdonoa utosini. Ijumaa akamdonoa tena. Jumamosi alimfukuza hadi kwenye bucha la Gona.

"Wa Junju alipigiwa kelele tu," Dorcas alisema, mikono kiunoni. "Huyu anadonolewa siku tatu! Dadangu, huyu ana wake watatu!"

Jioni Kache alipiga simu.

"Usipeleke wazee, Mwaro."

"Kwa nini tena, mpenzi?"

"Somo amekukataa. Umefanya nini?"

"Unaniacha kwa ajili ya kunguru?"

"Huyo kunguru alinikalia msiba wewe hata jina langu hujalijua. Nakuuliza, umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

Kache aliusikia uongo ule waziwazi. Akakata simu, akalia hadi leso ikalowa, na Jumapili hakutoka nyumbani.

Jumatatu saa nne, soko limejaa, Mwaro akatokea na boksi la kadibodi mkononi. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kana kwamba anakwenda kanisani. Watu wakampisha.

"Nilikudanganya," alisema, na hakupunguza sauti ingawa Dorcas alikuwa ameshasogea. "Jumatano nilikata makuti ya mnazi wa gesti pale nyuma. Mwenye gesti akaniambia niondoe na kiota. Nikaona makinda matatu. Nikamwona na mama yao ananizunguka akilia. Nikakata tu. Wawili walikufa."

Akafungua boksi. Kinda jeusi, manyoya yamesimama ovyo, likapanua mdomo mwekundu.

"Huyu nimemlea nyumbani. Niliogopa kukwambia, maana nilishajua mama yao ndiye Somo wako."

"Kunguru tu!" Gona alicheka kutoka buchani kwake. "Hawa wezi wa nyama?"

Mwaro hakumjibu. Akakaa chini, akasuka pakacha la makuti upesi upesi kama wasukavyo wakwezi, akalipangia majani laini ndani. Kisha akajifunga kamba akaupanda mkungu, kinda kifuani. Somo akamvamia. Alimdonoa sikio, akamdonoa paji la uso hadi damu ikashuka juu ya shati jeupe. Mwaro hakuinua mkono kujikinga. Mikono yake ilikuwa na kazi: mmoja umeshika kinda, mmoja unafunga pakacha tawini.

Aliposhuka, soko zima lilikuwa limeinua macho. Somo akazunguka mara mbili, akatua ukingoni mwa pakacha, akainama. Kinda likalia. Somo akalilisha.

Vigelegele vilipasuka hadi upande wa wauza samaki! Mwaro akatabasamu, na papo hapo Somo akashuka akamdonoa tena, kwa nguvu kuliko zote.

"Bado hakutaki!" Dorcas akapaza sauti, machozi ya kicheko machoni.

Kache akaja mbele, akamfuta damu kwa pindo la leso.

"Somo alisema kweli," alisema. "Ulimtenda ubaya, na akitaka akuchukie mpaka afe, haki yake. Mimi sitamwambia asamehe. Lakini hakuniambia nikuache. Hilo nilijiambia mwenyewe. Na leo nimekuona kwa macho yangu."

"Umeona nini?"

"Mume. Jumamosi leta wazee."

Lewis wa bodaboda akavua helmeti yake akamvika Mwaro. "Zawadi ya kwanza ya harusi hiyo, bwana harusi. Utaihitaji!"

Mwaro akaketi kwenye benchi na helmeti yake kichwani, akinywa chai ya ushindi, Somo akimgongea juu ko, ko, ko, na Kache akicheka hadi mahamri yakaungua.