Maji Kwenye Tangi la Marehemu

Ndugu zangu, wekeni kazi chini kidogo niwasimulie yaliyoikuta nyumba moja ya watu wema. Nasema watu wema kwa makusudi. Mabaya mengine huingia kwenye nyumba zisizo na mlevi wala mwizi, yakapita mlangoni tukiyakaribisha wenyewe.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mtaa bado umetulia. Bi Mkubwa alikuwa uani akiipangusa pikapu ya marehemu mumewe kwa kitambaa laini. Alianza na vioo, akaja milango, akamalizia taa za mbele taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso. Marehemu alikuwa fundi bomba, na gari lile la dizeli lilibeba mabomba yake miaka nenda miaka rudi. Alipofariki, mjane alilijengea kibanda cha mabati na kulifunika turubai. Tangu hapo likawa halitoki ila kwa nadra. Kila Jumapili alilifunua, akaliwasha, akasikiliza injini ikinguruma kidogo, akalizima. Basi moyo wake ulitulia wiki nzima.

Katika chumba cha uani aliishi binti yake wa pekee, fundi cherehani, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Asubuhi hiyo kijana alisogea, akasimama kwa adabu pembeni ya gari.

"Mama, nilikuwa naomba pikapu kesho nipeleke mageti kwa mteja."

"Kodi mkokoteni, mwanangu. Gari la mume wangu halibebi vyuma."

"Si lilikuwa likibeba mabomba, mama?"

"Mabomba yake."

Mkwe alicheka, maana alikuwa mtu wa utani. Akasema gari hilo limestaafu vizuri kuliko mtu yeyote anayemjua. Mkewe, aliyekuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni, hakucheka. Alimbembeleza mama yake mpaka akakubali, kwa mara moja tu. Kijana alilirudisha gari jioni likiwa limeoshwa, na kama shukrani akalitilia dizeli kidogo kutoka kwenye dumu lake. Dumu lenye mabaki akaliacha kibandani.

Hata shemeji yake Bi Mkubwa, mdogo wa marehemu, mwenye gereji yake, alikwishasema naye.

"Shemeji, gari likilala sana linaugua. Litembeze. Na tangi usiliache karibu tupu."

"Mbona naliwasha kila Jumapili?"

"Kuwasha na kuzima papo hapo si kutembea. Na hiyo taa ya njano kwenye dashibodi inasema kuna maji kwenye chujio la mafuta. Nipe siku moja tu nilikague."

"Nitakuita," alisema Bi Mkubwa. Hakumwita. Aliona mikono ya watu wengine ndani ya injini ile ingefuta mikono ya marehemu. Nani kati yetu hajawahi kuficha kitu kabatini kwa sababu kama hiyo?

Haukupita muda mrefu, mchana mmoja, uchungu ukamshika binti ghafla akiwa kwenye cherehani. Mumewe alikuwa kazini mbali. Jirani alitaka kwenda barabarani kutafuta gari la kukodi, lakini Bi Mkubwa akamzuia. "Ya nini kuhangaika, na gari tunalo?" Marehemu alimfundisha kuendesha, na siku hiyo aliona kama mumewe mwenyewe ndiye anayewapeleka hospitali.

Injini ilikubali kuwaka, ila kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe. Walipita soko vizuri. Kwenye mlima wa kuelekea hospitali gari likaanza kuishiwa nguvu. Bi Mkubwa alikanyaga mafuta, nalo likakohoa, likavuta, likakohoa tena, kisha likazimika katikati ya mlima. Aliwasha na kuwasha mpaka betri ikachoka na ikabaki sauti ya tik, tik tu.

"Mama," binti alisema, ameshika mlango kwa mikono miwili, "mtoto anakuja vibaya."

Mama alishuka, akasimama barabarani akipunga kanga yake. Magari yalipita. Lililosimama mwishowe lilikuwa gari la kusambaza mikate, na dereva wake akambeba binti kwa mikono yake mwenyewe mpaka kwenye kiti cha mbele. Walifika. Lakini kamba ya kitovu ilikuwa imemkaba mtoto shingoni, na muda wa kumwokoa ulikuwa umeishia pale mlimani. Alizaliwa mvulana mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi, wala hakulia.

Mkwe alifika mbio, masizi bado mikononi. Kabla hajauliza lolote, Bi Mkubwa alisimama kwenye korido, mbele ya wauguzi na wagonjwa, akamwambia:

"Ulitia nini kwenye gari la mume wangu? Wewe ndiye wa mwisho kulitilia mafuta. Ulitia maji."

Kijana alimpita. Aliingia ndani kwa mkewe, na hakutoka tena siku hiyo. Siku ya maziko alimbeba mwanawe mwenyewe, na watu waliokwisha kusikia maneno ya korido wakamwachia nafasi kubwa pembeni yake. Wiki haikuisha, yeye na mkewe wakahama chumba cha uani.

Bi Mkubwa alitaka ushahidi. Safari hii akamwita shemeji.

Pikapu ilikuwa imeshakokotwa mpaka kibandani. Fundi aliinama kwenye injini, akalegeza kizibo cha chini ya chujio, akakinga kwa chupa ya kioo. Akaiweka juu ya benchi na kusubiri itulie. Chini yakajitenga maji machafu. Juu ikaelea dizeli iliyopoteza rangi. Katikati yake palikuwa na utando mweusi wa kuteleza, unaonuka kama mtaro uliooza.

"Umeona?" alisema Bi Mkubwa. "Sikusema mimi?"

Fundi aligeukia kona ya kibanda. Alichukua lile dumu la mkwe, akamimina mabaki yake kwenye chupa nyingine, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa safi, bila tone la maji. Kisha akaingiza bomba la mpira hadi kwenye kitako cha tangi, akavuta. Yalitoka maji, kutu na mabonge ya utando ule ule.

"Shemeji, tangi hili lilikuwa na mafuta kiasi gani miaka yote hii?"

"Kidogo tu. Ya kuwashia."

"Basi sehemu kubwa ilikuwa hewa. Kukiwa na baridi, hewa ile hutoa jasho kwenye kuta za tangi, kama mfuniko wa sufuria. Maji yanashuka chini, yanakaa. Usipolitembeza, usipoyatoa, vijidudu vinaota pale maji yanapokutana na dizeli, vinafanya huu utando. Huu ni wa miaka, si wa mwezi ule alioliazima mkweo. Pale mlimani tangi lilitikisika, uchafu ukapanda, ukaziba chujio. Injini ikakosa mafuta."

"Kwa hiyo hakuna aliyetia maji?"

"Hakuna, shemeji."

Bi Mkubwa aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Kisha akajifunga kanga, akatoka bila kuaga, akaenda kwa miguu mpaka walikohamia.

Binti alikuwa ndani, amelala ameelekea ukutani. Mkwe alikuwa kizingitini.

"Mwanangu, nimekukosea. Si wewe. Ni mimi."

Kijana alitazama mikono yake. "Mama, nilimzika mwanangu huku naitwa muuaji. Wewe ungenipa hata siku moja ya kulia kwanza."

"Nisamehe."

"Nimekusikia, mama." Akamletea kiti, kwa kuwa adabu hakuwa ameipoteza. Lakini hakuketi naye. Na binti, aliyesikia yote, hakugeuka.

Hadi leo wanasalimiana. Mjukuu wa pili amezaliwa, naye bibi alipewa habari baada ya mtoto kufika nyumbani salama.

Funzo la hadithi hii

Ndugu zangu, mwenye gari la dizeli asilotumia sana ajaze tangi, alitembeze mpaka injini ipate moto sawasawa, amwage maji ya kwenye chujio, na taa ikiwaka asiifanye pambo. Hilo ni la gari, na mtu huweza kulijifunza kwa fundi yeyote.

La pili ni zito zaidi. Kitu alichotuachia marehemu tukitumie kuwafaa walio hai, na tukitunze kwa kazi, si kwa kitambaa tu. Na msiba ukitupiga, tusimtafute wa kumbebesha kabla hatujajua kilichotokea. Chujio lilibadilishwa siku ile ile. Neno lililosemwa kwenye korido, Bi Mkubwa hajapata namna ya kulitoa.