Irine na Dhahabu ya Ndani ya Kompyuta

Kila siku akitoka shule, Irine alipitia kwanza studio ya picha ya baba yake mdogo, Ryoba, ndipo aende nyumbani. Studio ilikuwa chumba kimoja cha mbao na bati kando ya barabara ya Matongo, na kazi ya Irine humo ilikuwa kufuta vumbi. Si vumbi la njiani tu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na ikishaanza kunguruma, unga wa mawe ulipaa ukaja kutua juu ya benchi la wateja, juu ya pazia la bluu la kupigia picha, na hasa juu ya kompyuta.

Ryoba alikuwa ameuza ng'ombe ili ainunue kompyuta hiyo. Watu walimcheka wakasema Mkurya huyu ana walakini, maana ng'ombe huzaa na kioo hakizai. Yeye aliwaacha waseme. Picha zote alizopiga tangu afungue studio zilikuwa humo: maharusi, watoto wa kipaimara, wachimbaji waliotaka picha ndogo za vitambulisho. Mara kwa mara alilifungua boksi la kompyuta apulize unga ulioingia ndani, ndiyo maana ubavu wa boksi ulishikwa na skrubu moja tu, nayo ililegea.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewaingia watu kichwani. Wageni walimiminika na sururu zao, na watoto nao hawakubaki nyuma. Mtoto wa Matongo akiona jiwe linalong'aa hawezi kulipita. Ataliokota, atalilamba, atalivunja, atalitia maji aone rangi. Irine alikuwa na jicho kali kuliko wenzake. Mama yake, aliyekuwa akiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, alimwita amtazamie pale macho yake yalipochoka.

Sasa darasani kwao alikuwapo Mseti, mvulana mwenye maneno mengi. Siku moja Mseti alisema kwamba ndani ya kompyuta kuna dhahabu, na kwamba kaka yake amesikia huko mjini watu wananunua kompyuta mbovu kwa ajili hiyo. Irine akabisha.

"Unabisha nini, na hujawahi kuchungulia?" Mseti akamwuliza. "Kila siku unaipangusa kwa kitambaa. Wewe ni kuku aliyelala juu ya gunia la mtama, asubuhi anakwenda kuomba punje kwa jirani."

Wenzao walicheka. Irine alicheka nao, lakini maneno yale yalimkaa.

Alhamisi Ryoba alikwenda Genkuru kupiga picha za harusi, akamwachia Irine studio. Kompyuta aliiacha inawaka. Irine alifuta benchi, akafuta meza, akafuta boksi. Kitambaa kikasimama kwenye ile skrubu. Akatazama barabarani, hakuna mtu. Kwa kuogopa kupigwa na shoti, alichomoa waya wa umeme ukutani, kioo kikazimika ghafla. Akafungua ubavu.

Mseti hakusema uongo. Ndani, kwenye vibao vyembamba viwili vilivyosimama bega kwa bega, kulikuwa na safu ya meno madogo ya manjano, na manjano yale Irine aliyajua. Alikichomoa kibao kimoja, akachukua wembe wake wa kuchongea penseli, akayakwangua meno yale juu ya kifuniko cha kopo. Akatia maji kidogo, akazungusha kifuniko polepole kama mama yake azungushavyo karai. Ung'avu ulionekana mara moja, mwembamba kuliko unywele, kisha ukaondoka na maji.

Hapo ndipo woga ulipomshika. Alikirudisha kibao mahali pake, akakaza skrubu, akachomeka waya. Hakuthubutu kubonyeza kitufe cha kuwasha. Alifunga studio akaenda nyumbani, na ugali ulimshinda.

Kesho yake baada ya masomo alimkuta Ryoba ameinamia kioo cheusi chenye maandishi meupe. Kompyuta ilikuwa inawaka, inasema inakagua diski, inahesabu asilimia, kisha inaganda. Ryoba alisubiri kidogo, akachomoa waya kwa hasira, akachomeka tena. Ikaanza upya, ikahesabu, ikaganda. Tangu asubuhi alikuwa kwenye kazi hiyo.

Kwenye benchi alikaa Bibi Regina, mama mzee wa pale Matongo, ameshika kibegi chake magotini. Irine alimwamkia shikamoo, akaitikiwa kwa upole. Habari zake kila mtu alizijua. Mwanawe Nikolaus alikuwa mchimbaji, na mvua zilipoanza duara, shimo walilokuwa wakichimba, lilimporomokea yeye na mwenzake. Jumapili ilikuwa misa ya kumwombea, na Bibi alitaka picha yake iwekwe mbele kanisani. Nikolaus alipigwa picha mara moja tu maishani, humo studioni. Zile alizochapiwa alikuwa nazo mfukoni siku duara lilipoanguka. Iliyobaki ilikuwa moja, nayo ilikuwa ndani ya kompyuta.

"Irine," Ryoba alisema bila kugeuka, "jana uliigusa hii?"

"Nilifuta vumbi tu, baba mdogo. Juu juu."

Neno lilitoka lenyewe, jepesi kama mate. Likishatoka, halikurudi. Irine alimchotea Bibi Regina maji ya kunywa ili apate kitu cha kufanya, na Bibi akampapasa kichwa akasema mama yake amebarikiwa kupata binti mwenye moyo. Irine alitamani angepigwa kofi badala yake.

Ryoba akampigia simu fundi Odoyo wa Nyamisangura, mjini Tarime. Odoyo alifika kwa bodaboda, amejaa vumbi hadi nyusi, akauliza kama huku Matongo watu wanapumua hewa au wanatafuna mawe. Kisha akakaa kazini. Alichomoa waya wa printa na kila kitu kilichochomekwa nyuma ya boksi, akawasha. Ikaganda. Akawasha tena, na mashine ilipouliza kama auruke ukaguzi, akabonyeza ndiyo. Ikaruka, ikaganda mbele kidogo. Aliweka sikio kwenye boksi, akasikiliza kama daktari.

"Diski mbovu kwa kawaida hugongagonga," alisema. "Hii imenyamaza. Kuna mtu amefungua boksi hili siku hizi?"

Ryoba alijibu kwamba hufungua yeye mwenyewe kupuliza unga, na hajafungua wiki hii. Macho ya fundi yakamjia Irine. Irine akatikisa kichwa.

"Basi ni diski tu," Odoyo alisema. Akaeleza kwamba akiwa na kifaa fulani angejaribu kuzinyofoa picha kwanza, lakini kifaa chenyewe kiko Migori, ng'ambo ya mpaka, kwa binamu yake, na kabla ya wiki ijayo hakipatikani. Ryoba akitaka studio ifanye kazi kesho, dawa ni kuifuta diski yote na kuweka kila kitu upya. Picha azisahau.

Ryoba aliuweka mkono juu ya boksi. Kesho yake wangekuja watu wa harusi ya Genkuru kuchukua picha zao, na aliwaahidi. Akamgeukia Bibi Regina akamwomba radhi kwamba ile picha haitapatikana.

Bibi hakulia. Alifunga zipu ya kibegi chake.

"Basi," alisema. "Mungu alimtaka mwanangu, akaitaka na picha yake. Mimi nani nimkatalie?"

Odoyo alikuwa ameshatoa mfukoni sidii ya kufutia diski. Irine aliitazama ikiingia, akasikia mashine ikiivuta. Mungu hakuhusika na jambo hili. Aliyehusika alikuwa amesimama pale ameshika kikombe kitupu.

"Fundi, usibonyeze," alisema. "Ni mimi. Niliifungua mimi."

Karasha ng'ambo ya barabara iliendelea kunguruma. Irine akasema yote, maana alijua akipumzika katikati hatamaliza: waya alivyouchomoa mashine ikiwa inawaka, kibao, wembe, maji kwenye kifuniko cha kopo. Ryoba aliinuka na mkono wake ukainuka pia, lakini Odoyo akauweka wake katikati.

"Pole pole, mura, kijana wangu. Mpige baadaye kama lazima. Sasa hivi yeye ndiye fundi. Kibao gani, mama? Nionyeshe."

Irine akaonyesha. Odoyo alikichomoa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, na wote wakaona meno yaliyochubuka kama yametafunwa na panya.

"Hii ndiyo memori," fundi alisema. "Mashine ikikagua diski, inachosoma inakishika humu kwanza. Ni kama mmempa mtu kusoma kitabu, halafu kila ukurasa anasahau. Si diski. Diski yaweza kuwa nzima kabisa."

Alikitupa kibao kile kwenye begi lake, akaacha kile kizima peke yake, akatoa sidii, akawasha. Maandishi meupe yakarudi. Asilimia zikapanda, zikafika mahali pa kugandia, zikapapita. Irine akapumua. Mbele kidogo zikasimama tena.

Mkono wa Ryoba ukaenda kwenye waya.

"Acha hapo," Odoyo akamshika. "Itazame ile taa ndogo. Inapepesa au haipepesi?"

"Inapepesa."

"Basi inafanya kazi. Imekuta mahali palipoumia, inapashughulikia. Waya ulichomolewa jana mara moja. Leo umeuchomoa wewe mara ngapi?"

Ryoba aliutia mkono wake mfukoni, akakaa benchini karibu na Bibi Regina kama mwanafunzi aliyekosea hesabu.

Wakasubiri. Wateja walikuja wakaambiwa warudi baadaye. Karasha ikazimwa kumiminiwa mawe mengine, ikawashwa tena. Irine alisimama muda wote mbele ya ile taa, hakuthubutu kukaa, na kila ilipokawia kupepesa alisogea karibu zaidi. Jua lilikuwa limehamia mlango wa nyuma wakati kioo kilipofunguka na kuonyesha picha aliyoiweka Ryoba mwenyewe siku ya kwanza: yule ng'ombe aliyeuzwa.

Hakuna aliyecheka. Ryoba alitafuta, akatafuta, kisha akasogea pembeni ili Bibi aone.

Nikolaus alikuwa amekaza shingo, amevaa koti jeusi na tai. Bibi Regina alisogeza uso hadi karibu auguse kioo.

"Hilo koti si lake," alisema.

"Ni la studio, mama. Wote huwa nawavika hilo."

"Limemkaa vizuri." Akaendelea kutazama. "Mwache nalo."

Ryoba alichapa picha kubwa, akakataa kupokea chochote. Kisha akamwambia Irine kwamba kibao kipya kitanunuliwa, nalo ni jambo dogo. "Ulipokwangua uliharibu kipande kimoja," alisema. "Uliponidanganya ulikaribia kunifutia watu wote waliomo humu, na mimi nikisaidia kwa mikono yangu, nikidhani natengeneza. Ukikosea tena, na utakosea, njoo kwangu kosa likiwa bado dogo."

Irine alipiga magoti mbele ya Bibi Regina. Maneno aliyoyapanga yalipotea, akabaki na moja tu, kwamba amekosa. Bibi alimwangalia, picha ameikumbatia kifuani, na kwa kitambo Irine hakujua kama atasamehewa.

"Nilikuwa naondoka, mjukuu wangu," Bibi alisema hatimaye. "Ningefika nyumbani nimwambie mzee wangu kwamba Mungu ametunyima hata picha. Ningeamini hivyo mpaka nife, kumbe ni wewe na wembe wako." Akamshika mkono kumwinua. "Uongo wako usimwachie mtu mwingine aubebe. Sema mapema, hata ukitetemeka. Ukisema, watu wanajua pa kuanzia."