Maji Hufuata Chumvi

Gurudumu la baiskeli lilipata pancha mbele ya uga wa Sibeti Manga. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya mgeni asimame.

Sibeti alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani. Tope lilikuwa limemganda hadi magotini. Mkononi alishika fungu la miche ya mpunga. Miche ilikuwa imelegea, na ncha zake zimekauka.

"Hodi, dada," alisema mgeni. "Naomba maji ya kunywa. Na kama una beseni, nitafute tundu la pancha."

"Karibu. Maji ninayo hata ya kumwaga. Tazama hii miche. Inakufa kwa kiu, na imesimama ndani ya maji! Umewahi kuona kioja kama hiki?"

Mgeni alikuwa msichana. Aliichukua miche, akaigeuza, akasahau baiskeli yake.

"Nimewahi," alisema. "Nipeleke shambani."

Jina lake lilikuwa Terezi Badji. Alifanya kazi katika kituo cha kilimo, na siku ile alikuwa akienda kijiji cha mbele. Shambani alichovya kidole majini, akaonja, akatema.

"Chumvi."

"Hilo hata mbuzi analijua," alisema Sibeti. "Kila kiangazi tunafungulia maji ya hori, ule mkono wa bahari, yaingie. Yanatuletea samaki, na udongo hauchachuki."

"Na maji ya mvua za kwanza? Mliyatoa?"

Sibeti alitikisa kichwa. Shamba lake na la shemeji yake Jibalen yalizungukwa na tuta moja kubwa. Maji yalitoka njia moja tu, ndani ya gogo la mti wa mvumo lililotobolewa, chini ya tuta. Mwaka huo mvua zilichelewa. Zilipoanza, Jibalen aliliziba gogo siku ileile. Alisema hata tone moja lisipotee. Sibeti akapandikiza. Sasa nusu ya miche ilikuwa imekufa. Iliyobaki kitaluni ilitosha kupandikiza mara moja tu. Ikifa na hiyo, mwaka mzima angekula mchele wa gunia kutoka dukani. Mama yake hakuwahi kuula hata siku moja.

"Nipe kiazi kitamu," alisema Terezi.

Walirudi nyumbani. Terezi alikata vipande vyembamba. Vingine alivitia katika kibuyu chenye maji ya mvua. Vingine alivitia katika maji ya shamba, akaongeza konzi ya chumvi.

"Nimeongeza ili tuone upesi," alisema. "Shambani kazi ni ileile, ila inakwenda polepole."

Waliziba pancha huku wakisubiri. Kisha Sibeti alitoa kipande kwenye maji ya mvua. Kilikuwa kigumu. Alikikunja, kikavunjika kwa mlio. Alitoa cha maji ya chumvi. Kikajikunja kidoleni kama kitambaa.

"Maji yake yamekwenda wapi?"

"Yametoka nje. Sikiliza, dada. Kila chenye uhai kimejengwa kwa vyumba vidogo mno, jicho halivioni. Vinaitwa seli. Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje. Nyuma ya ukuta kuna utando mwembamba. Ndani ya utando kuna kiini, kinachoongoza kazi zote, na kifuko kikubwa cha maji. Kifuko kikijaa, utando unaukaza ukuta, na jani linasimama."

"Na kikipungua?"

"Jani linalala. Maji hupita kwenye utando kwa urahisi. Chumvi haipiti hivyo. Ina vilango vyake, na inapenya kidogokidogo. Chumvi ikizidi nje, maji ya ndani yanatoka kuifuata. Mzizi hauwezi kunywa, hata ukisimama kwenye ziwa. Na ile chumvi inayopenya inaunguza ncha za majani."

Sibeti alifikiri. "Basi seli ni kama shamba letu. Ina tuta, na ina mlango."

"Ndiyo. Ila utando hauna mtu wa kumwomba. Maji yatafuata chumvi tu. Gogo lenu lina mtu."

"Lina Jibalen," alisema Sibeti, akasimama.

Jibalen alikuwa barazani akinoa kajendo, lile koleo refu la kulimia. Alipomsikia Sibeti akitaka gogo lifunguliwe, alicheka hadi akakohoa.

"Nimwage maji ya mvua? Mwaka huu? Shemeji, umekunywa pombe ya mchikichi asubuhi yote hii?"

"Maji ya kwanza yanayeyusha chumvi ya udongo. Tuyatoe hori ikipwa, tuzibe kabla haijajaa. Mvua mbili tatu hivi. Kisha ndiyo tuyatunze."

"Na mvua ikikatika?"

"Nitakufa njaa pamoja nawe."

"Huyo binti wa baiskeli atakuwa ameshafika kwao, anakula! Na tangu lini mwanamke akagusa gogo? Kazi ya tuta ni ya wanaume."

"Mwanamume wangu yuko kaburini. Nimngoje afufuke?"

Jibalen aliacha kunoa. Mkewe alikuwa na kichanga cha wiki mbili, na kupandikiza ni kazi ya wanawake. Shamba lake halikuwa na mtu. Sibeti alilijua hilo.

"Sikia," alisema Sibeti. "Leo nafungua, utake usitake. Lakini nakuahidi. Siku ya kupandikiza nitaanza na shamba lako lote, kwa miche yako. Langu litangoja."

"Maneno!" alisema Jibalen.

Jua lilipopinda, hori ilikupwa. Sibeti aliingiza mikono ndani ya gogo, akang'oa tope na majani. Maji yalitoka kwa kishindo. Jibalen alikuja mbio. Alimkuta shemeji yake amekaa juu ya gogo, miguu ikining'inia.

"Ondoka hapo!"

"Niondoe."

Hakumwondoa. Alisimama, akatukana mbingu, akarudi. Hori ilipoanza kujaa, Sibeti aliliziba gogo mwenyewe.

Siku nne zilipita bila wingu. Majirani walimwita Mama Mwaga Maji. Sibeti aliwajibu, "Mtaniita tena wakati wa mavuno." Usiku hakulala vizuri, lakini hilo hakumwambia mtu.

Siku ya tano mvua ilinyesha. Alifungua. Ikanyesha tena. Alifungua. Mara ya tatu alimkuta Jibalen ametangulia. Alikuwa ameinama, kidole kinywani.

"Imepungua," alisema bila kumtazama.

"Sema tena, sikusikia."

"Umesikia!"

Terezi alipopita tena, aliwaambia wajaribu kwanza kwa miche michache. Sibeti alipanda konzi moja pembeni. Baada ya wiki aling'oa mche mmoja. Ulikuwa wima, na mizizi mipya imetoka, myeupe.

Walilijaza shamba maji ya mvua.

Alfajiri ya kupandikiza, Sibeti alipita kando ya kitalu chake. Miche yake ilikuwa imerefuka kupita kiasi. Kila siku ya kungoja ingempunguzia mavuno. Aliipita, akaingia shamba la Jibalen.

Jibalen alikuja na mafungu ya miche begani. Alimwona, akasimama.

"Shemeji, anza na lako. Miche yako inazeeka. Ile ahadi nimekusamehe."

"Nani amekuomba msamaha?" alisema Sibeti. "Lete miche."

Alifanya kazi siku tatu. Siku ya nne, mgongo ukimuuma, aliingia shamba lake. Ukanda mmoja wa mwisho ulibaki wazi, kwa sababu baadhi ya miche ilikuwa imezeeka mno, na iliyofaa haikutosha. Nyuma yake, shamba la shemeji lilikuwa limesimama lote, kijani kitupu.