Ghala Lililoitwa Kibanda

Saa mbili na robo asubuhi karani wa soko alifungua kabati akakuta daftari la ushuru halipo. Kufuli zima, fedha za jana hazijaguswa. Saa nne rufaa za wafanyabiashara zilikuwa zisikilizwe, na ushahidi wote ulikuwa humo.

Mpelelezi alipofika, vidole vyote vilimwelekea fundi viatu. Ushuru wake ulikuwa umepanda mara tatu, na juzi aliapa kulichoma daftari.

"Hasira tu, dada," fundi alisema, akampa risiti yake: jina na kiasi, basi. "Mimi najua changu. Cha wenzangu kimo humo. Nikilichoma, nitathibitishaje naonewa?"

Mpelelezi akachanganyikiwa. Aliyeumia ndiye anayelihitaji. Aibe nani, basi?

"Lililetwa jana jioni kutoka halmashauri, limefungwa kwa lakiri," karani alisema. "Hakuna aliyelifungua."

"Ufunguo wa pili?"

"Anao mwenyekiti wa wafanyabiashara. Lakini yule ndiye aliyewakatia wenzake rufaa!"

Mwenyekiti alikuwa ghalani kwake, akiwahimiza wabebaji wa magunia.

"Mkamateni mwizi wa daftari!" alifoka. "Fundi wa watu anakamuliwa, huku ghala zima limeandikwa kibanda! Ni haki?"

Mpelelezi aliandika, akaaga. Hatua chache tu, akasimama. Akarudi.

"Mama, risiti haisemi ghala wala kibanda, na daftari lilikuwa na lakiri. Umeyasoma wapi?"

Mama yule alikaa juu ya gunia.

"Nililichukua jana nijiandae kwa hoja, mwanangu. Nikakuta ghala lenyewe ni langu. Marehemu mume wangu alipanga hivyo. Miaka yote fundi ananibebea mzigo wa ushuru, nami najiita mtetezi wake!"

"Si ungesema?"

"Nikilipa kwa haki, wabebaji wanne hawana kazi. Mmoja ni mdogo wake fundi."

Alilitoa daftari chini ya magunia.

Fundi alipoelezwa, hakufurahi.

"Kwa hiyo nikishinda, ndugu yangu anafukuzwa?"

"Sijui, kaka," mpelelezi alijibu, na kweli hakujua. Mwizi amepatikana, lakini kichwa chake kilikuwa kizito kuliko asubuhi.

Saa nne karani aliita rufaa ya kwanza, ya fundi. Fundi aliinamisha kichwa, hakunyanyuka. Aliyesimama ni mwenyekiti, mpelelezi kando yake. Aliliweka daftari mezani, wazi kwenye ukurasa wa ghala lake.

"Anzeni na mimi," akasema.