Mkono Si Suruali

Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya na fundi alikuwa amenuna. Shule zilikaribia kufunguliwa. Sare za watoto wa watu zilikuwa zimerundikana mezani kama kichuguu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya bandeji. Kioo cha dirisha kilimkata karibu na kidole gumba. Zahanati walimshona, wakamwambia arudi leo kutolewa nyuzi.

"Mimi nirudi?" alimwambia mkewe. "Nikae foleni ili mtu anifumulie uzi? Mimi nafumua suruali tangu sijaota ndevu!"

"Hata sasa ndevu zenyewe za kutafuta, Baba Pacha. Nenda zahanati."

Fundi akajifanya hasikii. Akafungua bandeji. Akachukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akaupangusa kwenye suruali aliyovaa. Akaupangusa tena, uwe safi kabisa.

"Hodi!"

Alikuwa jirani yao, muuguzi wa zahanati, amepitia kuchukua sketi yake kabla ya kwenda kazini. Akaona mkasi. Akaona mkono.

"Shemeji! Unafanya nini?"

"Nafumua."

"Hebu weka chini. Huo mkasi wako unakatia karatasi?"

Fundi alishtuka kama ametukanwa. "Karatasi? Huu ni wa nyuzi tu!"

"Basi na sisi tuna wetu, wa nyuzi za kwenye ngozi. Ukishatumika unaoshwa, halafu unachomwa kwa mvuke mkali mpaka vijidudu vyote vife. Wako je?"

"Nimeupangusa."

"Kwenye suruali!" mkewe akadakia. "Tena suruali ya tangu juzi."

Muuguzi akacheka, kisha akauliza, "Na ungefumuaje?"

"Nakata popote, navuta. Kazi imekwisha."

"Haya. Uzi huo umekaa nje siku zote hizi, umeshika vumbi na jasho. Ukiuvuta ovyo, uchafu wa nje unapita ndani ya nyama. Mkono utavimba, utatunga usaha. Na kama kidonda hakijashikana, kitaachia. Suruali ikiachia, unashona tena. Mkono si suruali, shemeji."

Fundi akakitazama kidole gumba chake. Kikiharibika hicho, atashika kitambaa na nini? Meno?

"Twende," alisema kwa sauti ndogo.

Zahanati, muuguzi alinawa mikono, akavaa glavu, akafungua pakiti. Ndani mlikuwa na mkasi mdogo. Upande wake mmoja wa makali ulijikunja nchani kama ndoano. Fundi akasogeza kichwa.

"Ndoano ya nini?"

"Inaingia chini ya uzi bila kuchoma ngozi. Na mkasi ule pale, wenye ncha butu kama pua yako, ni wa kukatia bandeji. Unateleza juu ya ngozi, haudungi."

Akasafisha ngozi kwa dawa. Akanyanyua fundo kwa kibano, akakata uzi karibu kabisa na ngozi, akauvuta taratibu. Ile sehemu iliyokuwa nje haikupita ndani hata kidogo. Kisha akauruka uzi wa pili, akatoa wa tatu.

"Umesahau mmoja!"

"Sijasahau. Naangalia kwanza kama kidonda kimeshikana. Kikitaka kuachia, ule niliouacha unakizuia."

"Kumbe na nyinyi ni mafundi!"

"Tunajikongoja, shemeji."

Kidonda kilikuwa kimeshikana vizuri. Nyuzi zote zikatoka.

"Kikivimba, kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au ukipata homa, njoo mara moja. Na mkono usiutumikishe sana kwa sasa."

Hakikuvimba. Fundi alianza polepole, shati moja, kisha mawili. Baada ya siku chache cherehani ilinguruma kama zamani, na kidole gumba kikashika kitambaa barabara.

Mkewe akamletea chai. "Sare zitakuwa tayari lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Fundi akainamia cherehani, akashona. Ijumaa wazazi walikuja, kila mmoja amejiandaa kugomba. Wakakuta sare zimekunjwa, zimepigwa pasi, zinawangoja. Wakatazamana, kisha wakatoa pesa.