Nyota Tano za Nyanya Victoria

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Eyotaru alichota maji na kukoroga uji, kisha akamsomea dada yake Rosina maoni mapya kuhusu programu yake ya simu. Rosina aliitengeneza kwa miezi minane, chumbani mwao mjini Arua. Iliwakumbusha akina mama wa Kuluba, huko Koboko, siku za chanjo kwa sauti ya Kikakwa. Asiyejua kusoma alibonyeza tu, akasikiliza.

Jumatatu moja maoni hayakuwepo. Programu yenyewe haikuwepo.

"Dada, imepotea!"

Rosina akaikuta barua fupi ya kampuni yenye duka la programu. Sifa za uongo zimeonekana. Akaunti yake imefungwa daima, na programu imezimwa katika simu zote.

"Uongo gani?" Akaandika rufaa upesi. Jibu likaja kabla uji haujapoa: uamuzi hautabadilika.

"Hakuna mtu aliyeisoma!" Rosina alilia. "Soko ni lao, askari ni wao, hakimu ni wao. Nikamlalamikie nani?"

Eyotaru aliinamia bakuli lake. Katika kikundi cha akina mama wa Kuluba, anayejua kuandika huwaandikia wenzake. Naye, kwa simu moja, alikuwa ameandika sifa thelathini kwa majina tofauti. Kumi alitumwa na akina mama hao. Ishirini alizibuni. Hata marehemu nyanya yao, Victoria, alikuwa ametoa nyota tano.

"Dada... ni mimi."

Rosina hakumpiga. Alifunika kompyuta polepole, machozi yakimdondoka. Eyotaru aliona heri fimbo.

"Kesho ni chanjo ya surua Kuluba," Rosina akasema hatimaye. "Nani atawakumbusha?"

Alfajiri waliomba nafasi kwenye lori la mihogo. Zahanati ya Kuluba ilikuwa kimya. Mwuguzi Hakim alisimama kando ya sanduku la barafu, na kwenye benchi alikaa Mama Soka peke yake, jirani wa zahanati.

"Simu iko kimya," alisema. "Wenzangu wanafikiri leo hakuna chanjo. Ile sauti imekufa?"

Eyotaru akamkaribia. "Mimi ndiye niliyeiua, mama. Niliandika sifa za uongo."

"Mtoto wewe! Ungeniuliza, ningekupa nyota zote za mbinguni!"

Wakaenda nyumba kwa nyumba, na kwenye kila mlango Eyotaru alikiri tena kosa lake. Kufikia alasiri benchi lilijaa. Lakini watoto wawili walikuwa wamepelekwa mbali, Vurra, na mama yao ambaye hakukumbushwa. Walikosa chanjo.

Hakim alifunga sanduku taratibu. "Binti, kampuni ile imemfanyia dadako ubaya. Kumhukumu mtu bila kumsikiliza ni dhuluma, na tutalisema hilo. Lakini ukiwa mnyonge, ukweli ndiyo ngao yako. Wewe uliitoboa. Kazi njema haihitaji mashahidi wa kuazima."

Rosina aliiandikia kampuni ukweli wote. Hawakumjibu. Hata hivyo sauti alizorekodi zilikuwa zake, akazihamishia kwenye tovuti yake mwenyewe, isiyopitia duka la mtu. Mwezi uliofuata mama yao aliisikia sauti hiyo, na wale watoto wawili walichanjwa.

Chini ya ukurasa wa tovuti hiyo Eyotaru aliandika oni moja tu, la Mama Soka, kama alivyolitamka: "Sauti imerudi."