Sukuma za Kwenye Simu

Kila Ijumaa jioni, mamake Aketch aliporudi nyumbani mtaani Kapsoya kutoka kazini mjini, alimkabidhi bintiye simu hata kabla hajavua viatu. Ndivyo kazi za Gredi ya Nane zilivyofanywa siku hizi: mwalimu aliandika kwenye kundi la wazazi, na wanafunzi wakajibu kwa picha.

Muhula huu kazi ilikuwa bustani ya gunia. Kila mwanafunzi alitakiwa kupanda mboga za sukuma wiki nyumbani, kuzitunza kwa wiki nane na kutuma picha kila Ijumaa. Alama zingepelekwa wizarani. Aketch alijaza gunia udongo, akapanda miche sita, kisha uvivu ukamwingia. Kufikia wiki ya pili miche yote ilikuwa imekauka. Badala ya kupanda mingine, alipiga picha ya gunia tupu na kuiambia programu ya akili unde imwoteshee sukuma. Zikaota kwa sekunde tatu, tena zilizonona. Mama mtu, masikini, hakuwahi kulichungulia gunia nyuma ya nyumba; alidhani mtoto anasoma.

Kila wiki mwalimu alimsifu. Mwanzoni sifa hizo zilimpendeza. Baadaye zilianza kumtisha.

Jumatatu ya wiki ya nane, Mwalimu Mkuu, Bi. Nanzala, alisimama gwarideni bila tabasamu.

"Jumatano maafisa wa elimu watakuja kukagua bustani zenu huko nyumbani," alisema. "Wamesikia kuna shule zinazotuma picha za uongo. Wakipata hata moja hapa na sisi tumenyamaza, alama za darasa zima zitafutwa. Nimewatilia sahihi kwamba zetu ni za kweli. Wataanzia kwa Aketch, mwenye sukuma nzuri kuliko wote."

Wenzake walipiga makofi.

"Wewe una bahati," Ondiek, mwenzake wa dawati moja, alimnong'oneza Aketch. "Zangu zimeliwa na wadudu, zinakaa vibaya sana. Lakini ni hizo tu niko nazo."

Jioni hiyo Aketch alimwomba jirani yao, Mama Wasike, mashina sita ya sukuma zilizokomaa. Akayang'oa na kuyachomeka guniani.

"Sasa mboga kubwa hivi itashika kweli?" Mama Wasike aliuliza.

"Ni ya shule," Aketch alijibu bila kumtazama.

Jumanne jua liliwaka mchana kutwa. Aliporudi kutoka shuleni, majani yote yalikuwa yamelala. Alimwaga ndoo nzima ya maji, akangoja. Hakuna jani lililoinuka. Usingizi ulimpaa.

Jumatano asubuhi alibisha ofisini kwa Bi. Nanzala.

"Mwalimu, sukuma zangu zilikufa zamani, na zilizo guniani ni za jirani. Zile picha nilitengeneza na simu."

Bi. Nanzala aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

Nje, gari la maafisa lilisikika likiingia langoni.

"Na wenzako je, uliwafikiria?"

"Ndiyo maana nimekuja, mwalimu."

Bi. Nanzala aliinuka kitini. Kisha akamshika bega, wakatoka pamoja.

"Huyu amedanganya, na amekiri mwenyewe," aliwaambia wageni. "Nami nilitia sahihi bila kwenda kuona hata gunia moja. Hilo ni kosa langu. Tafadhali kagueni wengine wote."

Walianzia kwa Ondiek, wakazunguka nyumba kwa nyumba mpaka saa kumi jioni. Magunia mengine yote yalikuwa ya kweli, hata yenye wadudu. Alama za darasa zikasalimika. Aketch alipewa sufuri, na ruhusa ya kuanza upya.

"Njia ya mwongo ni fupi," Bi. Nanzala alimwambia. "Ungenyamaza leo, wenzako arobaini wangepoteza jasho lao kwa sababu ya uvivu wako. Simu ni ya kuonyesha kazi uliyofanya, Aketch, si ya kuficha ile uliyokwepa."

Aketch alilia, kisha akaenda kutafuta miche. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa Bi. Nanzala alifika Kapsoya mwenyewe, akainama juu ya gunia na kuyagusa majani kwa vidole vyake.